Biti Kumi na Sita za Mzee Mithika

Mzee Mithika wa Githongo alipoteza masikio yake polepole, kwenye kiwanda cha kahawa alikosimamia mashine ya kumenya tangu ujana wake. Kwanza aliacha kusikia ndege, akasema ndege wamehama. Halafu akaacha kusikia watoto, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, hawasalimu wakubwa. Kufikia wakati binti yake wa mwisho, Igoki, alipomaliza chuo na kuanza kazi mjini Meru, mzee alikuwa anasikia radi na malori yanayopanda mlima, basi.

Angekuwa mzee mwingine, watu wangemhurumia. Lakini Mithika alikuwa amekaa na watu wake vibaya. Mkewe, Marcella, alikuwa na kiganja cha kushoto kilichopinda kidogo kwenda nje, tangu siku aliposukumwa kutoka kwenye ngazi ya ghala la kahawa. Hospitalini Mithika ndiye aliyejibu maswali. Alisema mke wake ameteleza, na Marcella, aliyekuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi, akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa mtu wa kupiga kila siku. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalikuwa machache na ya kuchagua. Igoki alipofaulu mtihani wa darasa la nane, baba yake aliiangalia ile karatasi akasema, "Sasa tutamlisha mwenye kiburi."

Basi masikio yalipokufa, nyumba ilipumua. Na Marcella, mwanamke aliyekuwa hasemi, akaanza kusema.

Igoki hakukumbuka ilianza lini hasa. Alichokumbuka ni siku alipokuja nyumbani likizo akamkuta mama yake anamkaribisha mzee chai, ameinama kwa heshima kama kawaida, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatabasamu, na anamwambia kwa sauti tamu kabisa, "Kunywa, shetani wewe. Kunywa uungue ulimi, labda nao utakufa kama masikio." Mzee alipokea kikombe akatingisha kichwa kushukuru. Igoki alikuwa na maji mdomoni, yakamtoka puani kwa kicheko.

Tangu hapo ukawa mchezo wa nyumba. Kiambi, kaka yake Igoki, aliyejenga upande wa chini wa boma, aliingia asubuhi akimsalimia baba yake kwa kumpungia mkono na kusema, "Bado uko? Hata leo hujaenda?" Mkewe Kiambi, Cicily, mwanzoni alikuwa anaona aibu, akajifunza. Walizungumza mambo ya shamba mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya ng'ombe. Kahawa itang'olewa yote, itapandwa parachichi. Nyumba ya mzee itakuwa stoo. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akiwatazama midomo bila kuelewa, na wakati mwingine walipocheka sana naye alicheka kidogo, ili asiachwe nje.

Hilo la mwisho Igoki aliliona. Aliliona, akaendelea kucheka.

Mjini Meru, Igoki aliajiriwa na mtu anayeitwa Kathuri, aliyekuwa na kampuni ndogo kwenye ghorofa moja huko Makutano, juu ya duka la mbegu. Kathuri alikuwa na wazo moja zuri. Vifaa vya kusaidia masikio vinavyouzwa hospitalini vilikuwa vya bei ambayo mkulima haifikirii. Yeye alitaka kutengeneza kiboksi cha kuvaa shingoni, chenye maikrofoni ndani, kinachochukua sauti za watu, kinazikuza, kisha kinazituma kwa bluetooth hadi kwenye hedifoni za kawaida ambazo mtu yeyote anaweza kununua sokoni. Kazi ya Igoki ilikuwa kuandika draiva, yaani ile programu ya chini kabisa inayokaa kati ya chipu na sauti, ambayo hakuna mtu anayeiona na hakuna mtu anayeishukuru.

Alipopata kiboksi cha kwanza, alijua atakipeleka kwa nani. Kathuri alihitaji mtu asiyesikia wa kujaribia, na nyumbani kwao alikuwepo.

"Baba yako atakubali?" Kathuri alimuuliza.

"Atakubali. Hana kitu kingine cha kufanya."

Jumamosi moja akampelekea. Alimwandikia kwa herufi kubwa kwenye kipande cha katoni: HII NI YA KUSIKIA. Mzee alisoma, akamtazama binti yake kwa muda, akainamisha kichwa avishwe. Hedifoni zilikuwa kubwa, za kufunika sikio lote. Igoki aliwasha. Baba yake aliruka kutoka kwenye kiti kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akazing'oa, akazitupa sakafuni. Igoki alipoziokota akaziweka masikioni mwake mwenyewe, alisikia mngurumo mkavu, kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati bila kukoma. Chini ya mchanga huo kulikuwa na kitu kinachopanda na kushuka kadiri watu walivyoongea, lakini hakikuwa neno.

Kiambi alicheka hadi akashika ukuta. Marcella hakucheka. Alikuwa anakoroga uji, na mwiko ulikuwa umesimama.

"Hiki kitu," alisema, "kitakuja kufanya kazi kweli?"

"Kitafanya, Mama. Kuna mahali nimekosea tu."

Marcella alirudi kukoroga. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Siku kitakapofanya kazi, uniambie mimi kwanza. Kabla hujamvisha."

"Nitakwambia."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, Mama."

Kosa alilipata ofisini wiki iliyofuata. Sauti ikiingia kwenye kompyuta hukatwa vipande vingi sana kila sekunde, na kila kipande hupewa namba inayoonyesha wimbi limepanda au limeshuka kiasi gani. Lazima chipu na programu zikubaliane namba hiyo imeandikwaje. Kwenye faili la draiva, juu kabisa, kuna mistari inayoeleza jambo hilo: kila kipande ni cha biti ngapi, yaani zile sifuri na moja ambazo kompyuta huandikia, namba inaweza kushuka chini ya sifuri au haiwezi, na kama ina sehemu mbili, ni ipi inayotangulia. Igoki alikuwa ameanzia kwenye msimbo wa bure alioutoa mtandaoni, na aliyeuandika alikuwa ameeleza kwamba sauti ya mazungumzo huja kwa biti nane, kama ilivyokuwa kwenye simu za zamani. Chipu yao ilikuwa inatoa biti kumi na sita. Kwa hiyo kila namba ilikuwa inapasuliwa katikati na kusomwa kama namba mbili, kama mtu anayesoma hamsini na tatu akasema tano, kisha tatu, kisha akashangaa kwa nini hesabu haiingiliani. Nusu ya kile baba yake alichosikia ilikuwa mabaki ya sauti, nusu nyingine takataka.

Alibadilisha mstari mmoja. Biti kumi na sita, zenye kwenda juu na chini, sehemu ndogo ikitangulia. Akavaa hedifoni, akasikia mwenye duka la mbegu huko chini anabishana na mteja kuhusu mahindi, kila neno, hadi mate kwenye meno. Alikaa pale akisikiliza ugomvi wa mahindi, macho yamemjaa machozi, na hakuna mtu ofisini aliyekuwepo wa kumwambia.

Jumamosi alipofika Githongo, alikuwa na furaha kiasi cha kusahau ahadi. Si kwamba aliidharau. Alipita tu mlangoni akamkuta baba yake amekaa, naye Igoki kiboksi ameshakishika tayari, na kabla hajafikiri alikuwa ameshamvisha na kuwasha.

Uso wa mzee haukubadilika hata kidogo. Miaka mingi ya kutosikia ilikuwa imeufanya uso ule mgumu kama ubao wa mlango.

Igoki akaandika kwenye katoni: UNASIKIA?

Mithika alisoma. Kutoka jikoni sauti ya Marcella ilikuwa inakuja, anamweleza Cicily, kwa utulivu wa mtu anayepepeta maharage, kwamba mzee amelala vibaya jana na amenuka usiku kucha, na kwamba Mungu akitaka kumchukua yeye hatamzuia mlangoni. Mithika aliinua macho kutoka kwenye katoni, akamtazama binti yake, akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu kiziwi, "Ni kelele tu."

Igoki alivaa yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa safi kama maji. Akamvisha tena. "Kelele," mzee alisema. Lakini safari hii hakuzitupa. Alizivuta zikae vizuri masikioni. "Acha hapo. Zinapasha masikio joto."

Mama yake alitokea mlangoni akijifuta mikono. "Kimefanya kazi?"

"Bado, Mama. Kwangu mimi kiko sawa, kwake ni kelele. Nafikiri ni masikio yake yalivyoharibika."

Mabega ya Marcella yakashuka. "Basi," alisema, na akatabasamu, na akamgeukia mumewe. "Vaa, baba. Umependeza kama punda wa maonyesho."

Igoki hakuridhika. Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake ambapo mzee asingeweza kuona midomo yake, akaanza kumjaribu. Alisema, "Nyumba inaungua." Mzee hakugeuka. Alisema, "Ng'ombe ameingia kwenye kahawa." Mzee alikoroga chai. Ndipo, kwa kuwa mama yake na Cicily walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama wakisubiri mchezo, Igoki akatafuta neno ambalo hakuna mtu mwenye masikio angeweza kulimeza bila kushtuka. Alisema, "Baba, ukifa nitamletea Mama gauni jekundu, nami nitacheza ngoma juu ya kaburi lako kabla udongo haujakauka."

Wanawake wakacheka. Mithika aliendelea kukoroga. Alikoroga muda mrefu, kuliko sukari ilivyohitaji, kisha akanywa.

Baada ya hapo Igoki alitafuta kosa ambalo halikuwepo. Alipunguza ukali wa sauti, akaongeza. Alikata mawimbi ya juu, akakata ya chini. Alirudi kwenye ile mistari ya juu ya draiva akaisoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa, akaijaribu kwa kila namna, biti kumi na sita, ishirini na nne, sehemu kubwa mbele, sehemu ndogo mbele, na kila mara akarudi palepale alipoanza. Kila Jumamosi alipanda Githongo na toleo jipya. Kila Jumamosi alimwandikia baba yake UNASIKIA?, na mzee akajibu, akipaza sauti, "Kelele."

Kathuri alianza kuchoka naye. "Igoki, hii kitu inafanya kazi ama haifanyi?"

"Inafanya, bosi. Ni mzee wangu tu."

"Mzee wako ndiye tumemwandika kwa ripoti. Sina mzee mwingine."

Halafu wakaja wafadhili kutoka Nairobi, mwanamke mmoja na kijana wa kupiga picha, na Kathuri akawapeleka Githongo kwa gari lake. Igoki aliomba wamjaribu mtu mwingine, hata jirani. Kathuri alisema wageni wanataka kuona nyumbani kwa mhandisi mwenyewe, hadithi ya binti na baba, hiyo ndiyo inauza. Marcella alipika nduma na chai ya maziwa mengi. Mithika alivaa koti, na juu ya koti kiboksi, na hedifoni masikioni.

Yule mwanamke alichuchumaa mbele yake kwa upole. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mzee, habari yako? Unanisikia?"

Mithika alimtazama. Igoki aliona macho ya baba yake yakihama kutoka kwa mgeni yakaja kwake, yakatulia hapo, na hata baadaye, alipokwisha kuelewa kila kitu, alikumbuka kwamba yalikuwa macho matulivu.

"Mwambieni huyu mama," mzee alisema kwa sauti ya kujaza nyumba, "binti yangu amejaribu. Lakini hajui kazi."

Jumatatu Kathuri alimwita Igoki ofisini mwake, akamwambia atafute mahali pengine, na kompyuta aiache mezani kama ilivyo, na kila alichoandika ni cha kampuni. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakula mandazi wakati anasema.

Igoki alirudi Githongo na begi lake. Mama yake hakumuuliza mengi. Kiambi alimuuliza kama sasa atajifunza kuchuma kahawa. Baba yake alimwona akishusha begi, akamwona akilia nyuma ya banda la kuku, na kila mtu alijua ameona. Aliendelea kuzunguka boma na hedifoni zake, hata alipokwenda chooni, hata alipokwenda kuangalia miche, na watu wa nyumba walizidi kucheka, wakisema mzee amekuwa kijana wa mjini. Na maneno yakaendelea kumwagika, maana hakukuwa tena na hata ule woga mdogo uliokuwepo mwanzoni. Igoki mwenyewe ndiye aliyesema kwa mzee hakifanyi kazi, na nani anajua zaidi yake?

Hadi Jumapili moja baada ya kanisa, ambapo Mithika alimwita mdogo wake, Mbae, aje ale naye chakula cha mchana. Sahani zilipoondolewa, aliwaambia wote wakae. Marcella, Kiambi, Cicily, Igoki. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti.

"Nina maneno machache," alisema.

Igoki alishtuka kabla ya wengine, kwa sababu baba yake alikuwa amesema kwa sauti ya chini. Kwa miaka yote ile alikuwa anapaza sauti, kama viziwi wote, kwa kuwa hawajisikii. Sasa alikuwa anazungumza kama mtu anayezungumza sebuleni. Alikuwa anajisikia.

"Mama," Igoki alisema. "Mama, anasikia."

"Nasikia," Mithika alisema. "Kaa chini."

Kisha akaanza. Hakuwalaumu. Aliwarudishia tu. Alianza na Kiambi, akamwambia kile alichokisema kuhusu kahawa, na siku aliyokisema, na mahali alipokuwa amekaa. Akamwambia Cicily kwamba alimfananisha yeye mzee na beberu lililolowa mvua. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Aliiga hata sauti zao, si kwa mzaha bali kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu mbegu asizitupe. Kwa Marcella alitumia muda mrefu. Maneno ya asubuhi, ya jioni, ya wakati wa kumkaribisha chakula, ya wakati wa kumfunika blanketi. Mbae alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

Mwishoni alimgeukia Igoki. "Na wewe utacheza ngoma," alisema. "Gauni jekundu la mama yako umeshanunua?"

Akawageukia wote tena.

"Shamba la chini, nililompa Kiambi, nimempa Mbae na watoto wake. Kiambi atalima nitakapomwonyesha. Huyu mwanamke arudi kwao Ruiri. Nimemaliza."

Igoki alifikiri mama yake ataanguka, au atapiga magoti. Marcella alisimama, akanyoosha kitambaa cha kichwani kwa ule mkono wake uliopinda.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile Jumamosi Igoki alipokuja akanivisha, wewe ukiwa jikoni."

"Vizuri," Marcella alisema. "Basi ulisikia vizuri, maana nilikuwa nasema kila siku. Lakini kuna yale ambayo sikuwahi kuyasema hata ukiwa kiziwi, kwa kuwa watoto walikuwepo. Sasa ni wakubwa." Akayasema. Alimwambia mbele ya ndugu yake mambo ya ngazi ya ghala, na ya hospitali, na ya mtoto aliyemtoka tumboni wiki ile, ambaye hakuna mtu kwenye chumba hicho aliyewahi kusikia habari zake. Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Kiboksi kilikuwa kwenye kifua cha mzee kikichukua kila kitu.

Mithika aliinua mikono kuelekea kwenye hedifoni, kama mtu anayetaka kuzivua. Kisha akaishusha tena magotini, akakaa akasikiliza hadi mwisho. Labda ilikuwa kiburi. Igoki hakuweza kujua.

Marcella alipoingia chumbani kufunga vitu vyake, binti alimfuata. Alishika ncha ya shuka amsaidie kukunja, mama yake akaivuta kutoka mkononi mwake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kimefanya kazi, ukaniambia bado."

"Alinidanganya, Mama. Hata mimi alinidanganya."

"Uliniahidi utaniambia kabla hujamvisha."

Igoki alitoka nje. Baba yake alikuwa amesimama kwenye kibaraza, anaangalia kahawa yake.

"Ulijua nimefukuzwa kazi kwa ajili yako," alimwambia. Hakuhitaji katoni tena.

"Nilijua."

"Nilikuwa nakuja kila wiki nakuuliza. Nilikuwa nadhani nimekosea. Nilidhani mimi ni mjinga."

"Nilikuwa nakusikia ukiuliza."

"Mimi ndiye niliyekutengenezea hicho kitu. Kaka hakutengeneza. Mama hakutengeneza. Mimi. Kwa nini mimi?"

Mithika alifikiri, au alijifanya anafikiri. "Hao wengine walikuwa wanasema," alijibu. "Wewe ulikuwa unacheka. Miaka yote hiyo sikujua kicheko cha mtoto wangu kikoje. Nikaja nikakisikia."

Marcella hakwenda Ruiri. Kaka zake huko walikuwa wameshagawana kila kitu hadi kivuli, na mwanamke anayerudi uzeeni si mgeni wa kusherehekewa. Alikwenda na Igoki Karurumo, upande wa Embu, ambako Igoki alikodi kibanda cha kutengeneza simu, na siku za wiki akawa anafundisha vijana kompyuta kwenye chumba cha kanisa. Walikaa pamoja nyumba ya chumba kimoja. Marcella hakumfukuza wala hakumsamehe. Alirudi kuwa mwanamke asiyesema, isipokuwa jambo moja. Igoki akimwambia maji yamechemka, mama yake anauliza, "Una hakika?" Akimwambia mvua haitanyesha, nguo zianikwe, "Una hakika?" Anauliza kwa upole, na anasubiri jibu.

Siku moja mwalimu mmoja wa kike kutoka Runyenjes alileta kibandani kifaa cha mama yake kilichogoma kuwaka. Kilikuwa kiboksi cha kuvaa shingoni, chenye rangi nzuri na jina la kampuni ya Kathuri. Wanavipenda sana, mwalimu alisema, mama yake sasa anasikia hadi misa. Igoki alikifungua, akakuta betri imekatika waya, akaiunga. Kwa kuwa alikuwa na muda, alikiunganisha na kompyuta, akafungua faili la draiva. Mstari wake ulikuwepo palepale juu, biti kumi na sita, haujaguswa. Juu yake, mahali alipokuwa ameandika jina lake, palikuwa na jina la kijana wa kiume asiyemjua. Alifunga kifaa, akamrudishia mwalimu, akamwambia ni waya tu.

Githongo alirudi mara moja tu, mwaka uliofuata, kuchukua cheti chake cha kuzaliwa alichokiacha. Alifika saa za mchana. Boma lilikuwa limefagiwa vizuri. Cicily alimwona kutoka jikoni, akaja mbio akamkumbatia, akaweka kidole mdomoni. Watoto wa Kiambi walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi nyuma ya nyumba, na walicheza kimya, wakielekezana kwa mikono. Kiambi alipita na jembe, akainua nyusi kumsalimia, akatoa simu mfukoni akamwandikia ujumbe, *karibu dada*, ilhali kulikuwa na hatua chache tu kati yao. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaishi sasa. Mzee alisikia kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyemwachia kitu cha kusikia. Chakula kiliwekwa mezani bila neno, sahani zikaondolewa bila neno. Hata Mbae, aliyepewa shamba, alikuja siku za mavuno tu, akaongea na wachumaji kule chini mtoni.

Mithika alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, hedifoni masikioni. Alikuwa amekonda. Ngozi ya masikio ilikuwa imechubuka kwa kuvaliwa mchana kutwa.

"Igoki," alisema.

"Baba."

Alikishika kile kiboksi kifuani akakigonga kwa kucha. "Hebu kiangalie hiki. Nafikiri kimeanza kuharibika. Siku nzima sisikii kitu. Kuku tu. Na upepo."

Alikivua akampa. Igoki alikivaa. Alisikia kuku wakichakura kwenye majani makavu, akasikia karatasi za mpira zikipigwa teke, na upepo kwenye migomba, na pumzi ya baba yake mwenyewe, nzito, karibu kabisa. Kila kitu kilikuwa wazi.

"Hakijaharibika," alisema, akamrudishia. "Kinafanya kazi."

Mzee alikivaa tena, akazipanga hedifoni kwa mikono miwili. Alisubiri. "Basi sema kitu," alisema. "Nijaribu."

Igoki alisimama pale akitafuta. Alikuwa na maneno mengi, alikuwa nayo tangu mtihani wa darasa la nane, lakini hakuna hata moja lililokuwa la kumpa mtu anayeomba. Aliangalia nje kupitia mlango.

"Kahawa ya upande wa mto imeiva," alisema.

Mithika alitingisha kichwa. "Hiyo nimeiona kwa macho."

Igoki akachukua cheti chake ndani ya sanduku la mama yake, akakiweka kwenye begi. Cicily alimsindikiza kimya hadi kwenye lango. Walipolivuka tu na kulifunga, Cicily alianza kuongea, akaongea bila kupumua juu ya watoto, na Kiambi, na mzee, na bei ya mbolea, hadi walipofika barabarani.